Dungu la Mwaka 2125

Kibiti,
9 Februari 2025

Mpendwa shangazi Honorata,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo ndefu itakayokufikia huko mikokoni. Sisi wazima. Mdogo wangu Benedict amefaulu kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke anatembea katikati ya barabara akitaka magari yampishe. Mama anakuombea. Baba hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi za shule. Anakusalimu sana.

Sasa kaa chini, shangazi. Natengeneza albamu. Si ile ya kwaya kusimama mistari miwili na kutikisa vichwa. Ni nyimbo kumi za kumchezea Mungu mpaka jasho litoke, na zote kumi zinasimulia hadithi moja. Inaitwa Dungu la Mwaka 2125. Mwaka huo bahari imeingia ndani mpaka Ndundu, na kinachoonekana pale ni mgongo wa daraja tu. Watu wanaishi kwenye madungu, vibanda vile vile vya miguu mirefu vya kuamia na kufukuza ndege mpungani, ila haya ni ya chuma, marefu kuliko minara ya simu, na chini yake kuna mashamba ya mpunga yanayoelea. Ipo mashine iitwayo Mlinzi. Inawaimbia watu, inawasemea, hata sala inawasalia, hadi wamesahau kwamba wana koo. Halafu wanakuja ndege wa chuma, maelfu kwa maelfu, kula mpunga wa mwisho duniani. Mlinzi akipiga kelele hawashtuki, kwa kuwa wameumbwa kwa sauti yake. Ndipo binti mmoja, Tumaini, anamtafuta bibi pekee aliyebaki anayejua kuita. Bibi anapanda dunguni, anamwita Yesu kwa kifua chote, na ndege wanaporomoka majini. Huo ndio wimbo wa kumi.

Midundo anatengeneza Zaidi, yule fundi wa simu aliye nyuma ya duka la mama yake. Akitoka msikitini anawasha kompyuta na kuniuliza, "Haya, leo Tumaini kafika wapi?" Uzinduzi ni Jumapili ya tarehe 17 Agosti, ukumbi wa parokia. Nyimbo tisa zina waimbaji. Wa kumi hauna mtu, shangazi, kwa sababu bibi yule ni wewe. Watu wa kwetu Malinyi wanasema uliimba mpaka watu wa kijiji cha pili wakaitikia. Usiniambie hapana kabla hujafikiri.

Mwanao,
Consolatha


Salale,
2 Machi 2025

Consolatha mwanangu,

Milele, amina, na marahaba. Barua yako imenifikia ina baridi, maana imesafiri ndani ya boksi la chanjo, kati ya surua na pepopunda. Uendelee hivyo hivyo, umpe Ukasha, nahodha wetu, anapokuja kuchukua chanjo. Ila ujue anakuja wakati wa bamvua tu, maji yakijaa. Yakiwa maji mafu, mashua yake inalala topeni wiki nzima na barua zinalala nayo. Simu huku inakamata juu ya mkoko mmoja nyuma ya zahanati ninayofanyia kazi, na mwanamke wa miaka hamsini na minane hapandi mti kwa ajili ya kusema haloo.

Huku salama. Wenzangu wameanza kufunga jana. Jirani yangu Mwamini ananiletea futari kila magharibi kana kwamba nami nimefunga, nami naila kana kwamba nimefunga. Mpongeze Benedict, na umwambie magari hayasomi vyeti.

Kuhusu bibi yako wa mwaka 2125, nimefikiri kama ulivyoniagiza, kisha nikasema hapana. Sauti yangu imestaafu miaka kumi na tisa sasa, kabla yangu mwenyewe. Hapa hakuna kanisa wala kwaya. Nasali na kitabu changu kimya kimya, na Mungu hajalalamika.

Nina swali moja. Unaniandikia kuwa baba yako ananisalimu sana. Sana kiasi gani?

Shangazi yako,
Honorata


Kibiti,
11 Aprili 2025

Shikamoo shangazi,

Nakutakia Pasaka njema mapema, maana sijui mashua itafika lini. Mvua imenyesha mpaka Benedict amefuga kambare kwenye shimo la taka, na Mama amemtimua pamoja na kambare wake. Baba hajambo, anakusalimu.

Nimejaribu akina mama watatu kwa wimbo wa kumi. Wa kwanza aliimba kama yuko harusini. Wa pili aliniuliza kama ataonekana kwenye video. Wa tatu alikuwa mzuri, lakini Zaidi alitingisha kichwa. "Huyu anaimbia maiki," alisema. "Mimi namtaka mtu anayemwitia mwenzie aliye mbali."

Kwa hiyo nakutumia memori kadi yenye zile nyimbo tisa, uitie kwenye redio yako ndogo. Usikilize tu. Kama baada ya kusikiliza bado ni hapana, sitakusumbua tena mpaka mwaka 2125.

Consolatha


Salale,
28 Aprili 2025

Consolatha,

Kristo amefufuka, nami nimekubali kwamba amefufuka na midundo.

Nilisikiliza wimbo wa kwanza peke yangu, mlango nimefunga, nikiogopa kusikia aibu. Wa pili nilifungua dirisha. Siku ya tatu nilikuwa nimebeba redio kwenda mpungani kwa Mwamini. Mpunga umeanza kutoa masuke, kwa hiyo wanawake wote wamehamia madunguni kuamia ndege. Mwanangu, ungeona! Mwamini, hajati mtarajiwa, alicheza ule wimbo wa Mlinzi mpaka dungu likayumba, na Sabra wa dungu la pili akapiga kelele kwamba tutaanguka tufe na lawama tumwachie nani. Walitaka niwasimulie hadithi yote. Nikawasimulia.

Mwamini akasema hadithi yako ni ya uongo. Si kwa sababu ya bahari kufika Ndundu, hilo alilikubali mara moja. "Huyo mwandishi hajaamia ndege hata siku moja," alisema. "Mtu mmoja akiita, ndege si wanahamia kwa jirani tu? Watakula huko washibe, kisha warudi." Huku dungu moja likiita, la pili lazima lipokee, likabidhi la tatu, hivyo hivyo mpaka ndege wavuke mto. Unaita "Haa-yee!", jirani anajibu "Nimepokea!", kisha anaita yeye. Asiyepokea, watu wanateremka kwenda kutazama kama yu hai. Hata kwetu Malinyi ilikuwa hivyo. Dungu langu lilikuwa mkono wa kushoto, na la pili yake alikaa baba yako.

Kwa hiyo wimbo wako wa kumi una kosa. Bibi mmoja hawezi.

Na kwa kuwa nimemtaja baba yako, nikuambie usiloniuliza. Mwaka 2006, tukiwa bado Malinyi, kwaya yetu ilikuwa inakwenda kurekodi. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya, mimi nilishika ubeti wa pekee. Akaja mgeni wa mjini mwenye mashine, akanisikiliza, akakunja uso. Baba yako akasimama mbele ya kwaya nzima akasema, "Honorata, kaa chini. Hiyo ni sauti ya kufukuzia ndege, si ya kanisani." Watu wakacheka. Nilikaa chini. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho wa mbali, nikaletwa huku ambako mto wetu unaishia. Nilimwandikia mara tatu. Hakujibu hata moja. Ndiyo maana salamu zake za kila barua naziona ngeni kidogo.

Albamu yako ni nzuri. Nasema tena, ni nzuri. Lakini mimi usinisubiri.

Shangazi


Kibiti,
16 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sitasema habari za Benedict.

Naomba unisamehe. Baba hajawahi kukusalimu. Mimi ndiye niliyekuwa naziandika zile salamu tangu nilipoanza kukuandikia nikiwa sekondari, nikidhani nikiziandika sana zitageuka kuwa kweli. Nimeona haya kubwa.

Na kuna jingine. Baba ndiye mwenyekiti wa kwaya, na ukumbi hautolewi bila saini yake. Nyimbo tisa alizisikiliza zote, hata kidole chake kilikuwa kinagonga meza. Nilipomtajia sauti ninayoitaka kwa wimbo wa kumi, aliweka kalamu chini. "Tafuta mwingine," akasema, "au usahau ukumbi." Alitoka nje na hakula chakula cha usiku. Sikujua kwa nini mpaka uliponiambia.

Sitafuti mwingine. Nimeufuta wimbo wa kumi wote na kuuandika upya kama alivyosema Mwamini. Sasa bibi anaita, madungu yanapokea moja baada ya jingine mpaka bahari nzima inaita, na ndege hawana pa kutua. Zaidi aliposoma alisimama juu ya kiti. Lakini sasa simhitaji bibi mmoja, nahitaji madungu kweli kweli. Ninyi mnayo na mimi sina. Bila ninyi hakuna mwisho, na bila mwisho hakuna albamu.

Sisemi zaidi. Naogopa nikisema zaidi nitakulazimisha.

Consolatha


Salale,
24 Juni 2025

Consolatha binti yangu,

Marahaba. Nimekusamehe siku ile ile, kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa unanisalimu vizuri. Huku tumemaliza Idi, nimekula pilau mpaka nikajiandikia dawa.

Sasa sikiliza. Wiki mbili baada ya barua yako homa ilimwangusha Mwamini nikamlaza zahanati. Alichokuwa anakililia si homa, ni mpunga. "Dungu langu tupu," alikuwa anasema, "dungu langu tupu." Nikamwambia nyamaza, jioni naenda mimi. Nilikusudia kuvuta ile kamba ya makopo tu, yagongane, basi. Kweleakwelea wakaja wamefunika anga. Nikavuta kamba, ikakatika mkononi mwangu.

Nikasimama. Nikafungua kinywa na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango wa stoo. Ndege hawakujali. Nikaita tena, nikaita ya tatu, na ya tatu ikatoka, mwanangu! Ikatoka yote, yenye miaka kumi na tisa ndani yake. Sabra akapokea. Warda wa dungu la tatu akapokea kwa Sabra. Nikaisikia sauti yangu inakwenda dungu kwa dungu mpaka ng'ambo ya mto, na ndege nyuma yake hawana pa kutua. Nilikuwa nalia huku naita. Katikati ya kuita, jina la Yesu likatoka lenyewe, nami sikulizuia.

Kesho yake nikaogopa kidogo. Sabra akaniuliza, "Jana ulikuwa unaita na nani?" Nikasema niliita na Bwana wangu. Akawaza, kisha akasema, "Basi kaite naye na leo, maana ndege walinyooka." Mwamini alipopona nikawasomea barua yako wote. Wamekubali sauti zao ziingie. Wao wanaita ndege kama wanavyowaita kila msimu, mimi namwita ninayemwita, na hakuna aliyeona taabu.

Tumerekodi jioni tatu, simu yangu nimeifunga kwenye nguzo ya dungu. Memori kadi hiyo hapa ndani. Utasikia madungu manane. Mwito wa mwisho tumeuacha hewani bila wa kuupokea, kwa makusudi. Wa kuupokea ni watu wa ukumbi wako. Nimeifunga bahasha kwa mikono yangu, nimeandika kila kitu juu yake ili isipotee.

Shangazi yako anayeimba,
Honorata


Kibiti,
19 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni ya pili tangu Mei bila jibu. Mashua ya Ukasha imekuja mara mbili, nami mara mbili nimesimama pale akifika. Anasema boksi alilikabidhi stoo ya chanjo kama kawaida na yeye barua hakuiona.

Nimeelewa. Kunyamaza nako ni jibu, na nilikuahidi sitakulazimisha. Zaidi anajaribu kutengeneza madungu kwa kompyuta. Amenirekodi mimi mara nane na kunigeuza wanawake wanane. Nimesikiliza. Shangazi, ni Mlinzi yule yule. Nimeandika hadithi ya mashine inayowaimbia watu, na sasa naumaliza wimbo wangu kwa mashine.

Baba hajaweka saini. Amesema mwisho ni tarehe 12 Agosti, la sivyo ukumbi unapewa watu wa harusi.

Mama anakusalimu, kweli kweli.

Consolatha


Salale,
8 Agosti 2025

Consolatha!

Nilijibu! Nilijibu tangu Juni! Barua yako imefika leo asubuhi nami nimekaa sakafuni hapa zahanati nimeshika kichwa, wagonjwa wananitazama.

Nimekumbuka nilichokiandika juu ya bahasha. Mikono hii imefunga chanjo miaka thelathini na mbili. Niliandika jina lako, nikaandika "kwa Mwalimu Wenceslaus" ili wajue nyumba ya baba yako, kisha mkono ukaendelea wenyewe: IHIFADHIWE NYUZIJOTO 2 HADI 8. ISIGANDISHWE. Na nikapiga muhuri! Aliyefungua boksi huko stoo ya chanjo alifanya alichoagizwa. Binti yangu, sauti yangu iko ndani ya friji.

Namkabidhi Ukasha barua hii mkononi, na nimemwapisha asile wala asikae mpaka akupe. Kimbia stoo. Mtafute dada mmoja anaitwa Johari, ndiye mwenye funguo.

Tarehe 17 yatakuwa maji mafu, siwezi kufika. Lakini sikunyamaza. Hilo ulijue hata kama kadi imekufa kwa baridi. Sikunyamaza.

Shangazi


Kibiti,
18 Agosti 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo! Shikamoo kwa Mwamini, kwa Sabra, kwa Warda na madungu yote manane! Barua hii itangoja bamvua lakini mimi siwezi kungoja kuiandika, na sauti sina, nimeiacha ukumbini.

Ukasha alinikuta Jumatatu tarehe 11. Nilikimbia na kandambili moja. Johari akafungua friji, akatazama, akasema, "Ile bahasha? Wiki iliyopita nilikuwa napangua friji, nikaona jina la Mwalimu, nikamwita. Kaichukua Jumanne." Baba alikuwa nayo siku sita na hakuniambia neno. Nikajua ameitupa.

Nyumbani hayupo. Shuleni hayupo. Nikaenda kumwambia Zaidi kwamba imekwisha, tuwaachie watu wa harusi. Nikasukuma mlango, nikamkuta Baba amekaa juu ya kreti ya soda, ile spika ya masikio ya Zaidi kichwani, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola ya shati. Zaidi aliniashiria ninyamaze. Baba alikuwa anakuja pale kila jioni tangu Jumanne, kusikiliza tu, naye Zaidi alikuwa amemwahidi atamwacha aniambie mwenyewe. Alivua ile spika, akaniambia, "Hii ndiyo sauti niliyoikalisha chini." Kisha akatoa karatasi ya ukumbi mfukoni. Ilikuwa imesainiwa tangu Jumatano.

Sasa jana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama yake Zaidi alifunga duka akaja na shoga zake, wakakaa mstari wa pili. Nyimbo tisa watu walicheza. Paroko alicheza na alipoona anatazamwa akaendelea. Mavazi yetu ya mwaka 2125 tulishona kwa mifuko ya viroba iliyopakwa rangi ya fedha, na Benedict alikuwa Mlinzi, ana makopo mwili mzima.

Ukaja wimbo wa kumi. Zaidi akakata midundo yote. Ukaita wewe, shangazi. Sijui nikueleze vipi. Sabra akapokea, Warda akapokea, madungu yote manane, sauti zinatoka spika hii zinakwenda ile, tukawa tunageuza shingo kana kwamba tunawaona ndege wanapita juu yetu. Ukaja mwito wako wa mwisho, ule uliouacha hewani. "Haa-yee!" Nilikuwa nimewafundisha vijana waupokee. Walisahau wote! Walikuwa wamesimama wanalia. Mimi mwenyewe nilisahau. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ukumbi kimya.

Nyuma kabisa kitu kikaanguka. Ni benchi. Baba alikuwa amepanda juu ya la pili yake, na goti lake lile lile, mikono ameikusanya mdomoni.

"Haa-yee!" akaita. "Nimepokea! Honorata, nimepokea!"

Shangazi, sauti yake ni ya kufukuzia ndege vile vile! Nyote wawili! Ukumbi ukalipuka, watu mia nne wakaitikia, waliokuwa madirishani wakawapokezea wa barabarani, na Zaidi akarudisha midundo yote kwa pamoja. Tumecheza wimbo mmoja kwa dakika arobaini. Tumeshinda, shangazi! Tumemshinda Mlinzi na ndege wa chuma!

Naacha hapa. Kuna mtu amesimama nyuma ya kiti changu tangu nianze kuandika, anataka karatasi.

Mwanao,
Consolatha

*

Dada Honorata,

Shikamoo. Consolatha ameniachia nafasi ndogo hapa chini, na ndiyo ninayostahili. Salamu zote alizokuandikia kwa jina langu hazikuwa zangu. Hii ndiyo ya kwanza.

Barua zako tatu ninazo, nilizisoma zote. Uliita, na dungu la pili likanyamaza miaka kumi na tisa. Sikuwa nimekufa. Nilikuwa naona haya, na kadiri nilivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi. Nisamehe, dada yangu.

Bamvua ijayo nakuja na Ukasha. Muombe Mwamini dungu lake siku moja, na mimi unitafutie la mkono wa kulia. Najua mpunga umekwisha kuvunwa na ndege wamekwenda zao. Wewe uite hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Wenceslaus